Kulala katika hoteli ya kale Lavenham: ulizieni chumba kabla ya kulipa

Mama Salma wa Tanga ameniandikia. Binti yake anamaliza masomo Colchester, Uingereza, mahafali ni mwezi wa Julai, na yeye na mumewe watakwenda. Baada ya sherehe wanataka siku mbili za kupumzika peke yao, kwani mwaka huu ndoa yao inatimiza miaka thelathini. Binti amewaonyesha picha za Lavenham, kijiji cha mkoa wa Suffolk chenye nyumba za mbao zilizopinda, na za hoteli iitwayo Swan ambayo kuta zake ni za karne ya 15. Anauliza: "Hoteli kama hiyo inawafaa watu wa umri wetu? Mzee ana maumivu ya magoti, sisi ni Waislamu na hatunywi, na bei si ndogo. Nisingependa tulipe fedha nyingi halafu tujute."

Mama Salma, pokea hongera mbili, ya binti na ya ndoa. Jibu langu ni nendeni. Nimefanya kazi mapokezi ya hoteli za aina hiyo mashariki mwa Uingereza, na wageni waliojuta niliowaona walikuwa wa namna moja: walichagua hoteli, hawakuchagua chumba. Katika hoteli mpya ya mjini, vyumba vya bei moja hufanana, ukipata cha tatu au cha thelathini ni kilekile. Katika nyumba ya miaka 500 hakuna vyumba viwili vinavyolingana. Kimoja kina dari la kumgusa mtu mrefu kichwani, cha pili kimo chini kando ya bustani, cha tatu kiko juu ya jiko. Mtandaoni vyote vitatu huenda vikauzwa kwa jina moja na picha moja. Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni kujua mtalala katika chumba gani hasa.

Ili mjue la kuuliza, ni vizuri mwelewe nyumba yenyewe ilivyojengwa. Fremu ni ya mwaloni mbichi. Mafundi waliuchonga mti ungali na maji yake, kwa kuwa mwaloni ukishakauka huwa mgumu mno kwa shoka na patasi. Walitengeneza fremu nzima chini uwanjani, kila kiungo wakakikata alama, kisha wakaipandisha kipande kwa kipande na kuifunga kwa vigingi vya mbao. Kati ya nguzo na nguzo walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, wakamalizia kwa chokaa. Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa zaidi: ni nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, ila miti yake ni mwaloni na imesimama tangu kabla Vasco da Gama hajafika pwani yetu.

Mbao ile ilikauka ikiwa tayari imebeba nyumba, na ilivyokauka ikajipinda. Ndiyo maana sakafu ina mteremko na milango imekaa upande. Mtaona pia ghorofa ya juu inaning'inia mbele juu ya barabara. Hiyo ya kuning'inia ni ya makusudi, ndivyo walivyopenda kujenga. Kupinda ni kazi ya miaka. Usiku mtasikia mbao zikilia, hasa hewa inapopoa. Msishtuke, nyumba haianguki.

Mkishaingia chumbani, fanyeni jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui. Zimeni taa, washeni taa ya simu, muilaze ubavuni mwa boriti ili mwanga upite juu ya mbao badala ya kuimulika usoni. Makovu ya shoka yatajitokeza yote, pigo moja baada ya jingine. Mkiwa na bahati, karibu na kiungo mtaona alama za fundi, mistari iliyokatwa kama namba za Kirumi, ili nguzo ya nne ikutane na tundu la nne. Tazameni pia upande wa chini wa boriti zilizo ukutani. Mkiona safu ya vitundu vya umbo la almasi, hapo palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Vitundu vilishika vijiti vya kusimama, na usiku walifunga kwa ubao, kwa kuwa kioo kilikuwa mali ya matajiri. Huwezi kuyaona haya kwa tiketi ya makumbusho, kamba ingekuzuia. Hapa ni chumba chako, unaigusa boriti kwa mkono wako. Kwangu mimi hii peke yake ni sababu ya kulipa.

Na kwa nini Lavenham imebaki hivi? Ilitajirika kwa kitambaa kizito cha sufu kilichotiwa rangi ya buluu, kikauzwa hadi nchi za mbali. Katika makadirio ya kodi ya mwaka 1524 ilihesabiwa ya kumi na nne kwa utajiri Uingereza nzima, ikilipa zaidi ya miji mikubwa kuliko yenyewe kama York na Lincoln. Fedha hizo ndizo zilizojenga kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo lenye mnara wa mita 43, kwa michango ya John de Vere, Earl (mkabaila) wa Oxford, na ya ukoo wa Spring, wafanyabiashara wa vitambaa. Ndizo pia zilizojenga Guildhall, jumba la mikutano la chama cha wenyeji, pale sokoni, yapata mwaka 1530. Ukipita mbele ya Guildhall utaona nguzo zimebanana karibu karibu. Hazikuhitajika zote kubeba nyumba. Mwenye mali alikuwa anaonyesha kwamba anaweza kumwaga mbao.

Kisha biashara ikahama. Wakimbizi kutoka Uholanzi na jirani zake waliohamia Colchester walifuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, wanunuzi wakawafuata. Lavenham ikafukarika, na kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na uwezo wa kubomoa nyumba ya mbao ajenge ya matofali. Umaskini ndio uliozihifadhi. Leo kijiji chenye watu wasiofika 2,000 kina majengo zaidi ya 300 yanayolindwa na sheria ya urithi.

Sheria hiyo inawahusu moja kwa moja, hasa Baba Salma. Jengo lililoandikwa kwenye orodha ya urithi halibadilishwi bila kibali cha halmashauri, na kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Mwenye hoteli hawezi tu kutoboa sakafu ya karne ya 15 aweke lifti, wala kung'oa madirisha ya zamani aweke ya vioo viwili. Ongeza kwamba Swan ni nyumba kadhaa zilizounganishwa, na sakafu za nyumba hizo hazikuwahi kuwa sawa. Matokeo yake ni korido yenye vidaraja viwili vya kupanda hapa, kimoja kule, na kona ambayo mgeni wa mara ya kwanza hupotea. Kwa magoti mabovu, ngazi kuu si tatizo kubwa kama vidaraja hivi visivyotarajiwa, tena usiku, mtu anapoamka.

Kwa hiyo ombeni chumba cha chini. Msione haya kueleza sababu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inazitaka hoteli zifanye marekebisho ya kadiri kwa mgeni mwenye ulemavu, na hata kama hali ya mzee haijafika huko, mapokezi wamezoea maombi ya namna hii. Kinachowakwamisha ni mgeni anayefika saa tisa alasiri na kusema hawezi ngazi, wakati vyumba vya chini vimeshagawiwa. Semeni mapema, na mpate jibu kwa maandishi.

Binti apige simu. Barua pepe hujibiwa na yeyote aliye zamu, lakini kwa simu anaweza kuomba aongee na mtu anayevijua vyumba kwa kuviingia. Amuulize chumba kina namba gani, na toka mlango wa barabarani hadi kitandani kuna vidaraja vingapi. Aulize bafu likoje, maana vyumba vingi vya kale vina beseni refu la kuogea ambalo lazima uinue mguu kuliingia, na goti la mzee halitalipenda. Watakacho ni bafu la mvua lenye sakafu sawa. Aulize kitanda kina upana gani. Kitanda cha watu wawili kwa kipimo cha kawaida cha Uingereza ni sentimita 135 tu, na katika chumba kidogo cha kale ndicho kinachoenea. Cha sentimita 150 ndicho cha kuwatosha. Halafu dirisha: linatazama barabara au ua wa ndani? Swan iko kwenye kona ya High Street na Water Street, na magari hupita. Upande wa ua ni tulivu zaidi.

Kuna chumba watakachowashawishi mchukue kwa kuwa ni sherehe ya ndoa: chenye samadari, kitanda cha nguzo nne na mapazia. Ni kizuri, sikatai. Lakini samadari za kule mara nyingi ziko ghorofani na zimeinuliwa juu. Kama mzee anahangaika kupanda, uzuri utaishia kwenye picha. Mimi ningechukua chumba cha chini, fedha inayobaki ikalipie chakula cha jioni.

Mnakwenda Julai, kwa hiyo ulizieni joto pia. Viyoyozi ni adimu katika nyumba hizi. Watu wa Tanga hucheka wakisikia Mwingereza analalamikia joto, lakini chumba cha chini ya paa, chenye dirisha dogo linalofunguka kwa upana wa kiganja, hushika joto la mchana hadi usiku wa manane. Julai 2022 Uingereza ilifika nyuzi 40. Hapo tena chumba cha chini kinashinda. Na aulize kama tarehe zenu zina harusi hotelini. Julai ni msimu wake, na muziki wa harusi katika nyumba ya mbao hauzuiliki na ukuta wowote. Jumatatu na Jumanne ndizo siku nzuri: hakuna harusi nyingi, na bei hushuka.

Sasa jambo ambalo hakuna kitabu cha kuwaongoza wageni kitakachowaambia. Mama Salma, udi na ubani viacheni nyumbani, au mvifunge sandukuni mpaka mrudi. Najua sherehe ya ndoa bila kufukiza chumba haijakamilika. Lakini nyumba ya mwaloni mkavu wa miaka 500 inaogopa moto kuliko kitu chochote, na kila chumba kina kigunduzi cha moshi. Nilishawahi kushuhudia mgeni wetu mmoja kutoka pwani, mama wa heshima zake, akiweka kipande cha udi kwenye kichomea cha umeme usiku. King'ora kililia jengo zima, wageni wote wakasimama barabarani na kanzu za kulalia wakisubiri zimamoto wakague. Hakuna aliyemgombeza, ila yeye mwenyewe hakutoka chumbani kesho yake kwa aibu, na niliumia kwa ajili yake. Bebeni mafuta ya udi au ya asumini. Hayo hayana moshi, mkipaka na kutandaza kidogo kwenye shuka inatosha.

Chooni hamtakuta mpira wa maji. Bebeni kopo lenu au ombeni jagi mapokezi, hawaulizi la nini. Plagi ni zile zile za pini tatu za bapa tunazotumia Tanzania, kwa hiyo chaja zenu zitaingia bila kibadilishi.

Kuhusu baa. Hoteli ya kale ya Kiingereza ina baa kama nyumba ya Tanga ilivyo na baraza: ndipo watu wanapopitia na kukaa. Hakuna atakayewalazimisha kunywa, na kuagiza chai au kahawa pale ni jambo la kawaida kabisa. Nawashauri msiikwepe baa ya Swan, kwa sababu ukutani mwake kuna saini za wanajeshi wa anga wa Marekani waliokuwa uwanja wa ndege wa jirani mwaka 1944 na 1945, kikosi cha 487 cha mabomu. Walikuwa vijana, wengi hawakurudi. Jenerali Frederick Castle aliruka na kikosi hicho asubuhi ya tarehe 24 Desemba 1944, ndege yake ikaangushwa juu ya Ubelgiji, naye akafa akiwa kwenye usukani ili wenzake wapate kuruka kwa miavuli. Nendeni mchana, baa ikiwa tupu, mzisome saini kwa utulivu. Kama nafsi haikubali kukaa mahali panapouzwa pombe, ombeni tu kuutazama ukuta, kisha mnywe chai yenu sebuleni au bustanini.

Chakula kinahitaji maneno mapema. Kifungua kinywa cha Kiingereza kina soseji na nyama ya nguruwe, na mara nyingi vyote hukaangwa sehemu moja. Kuondoa nyama kwenye sahani hakutoshi. Semeni jioni iliyotangulia kwamba mnataka mayai ya kuchemsha au ya kupikwa majini, uyoga na nyanya katika kikaango safi, au samaki wa kukaushwa kwa moshi ambaye hoteli nyingi humuweka kwenye orodha. Nyama ya halali kijijini msiitegemee. Samaki na mboga vitawafikisha siku mbili bila shida. Chai ya alasiri, ile ya vijikeki, jamu na malai mazito, msiikose. Humo pia waambieni mkate uwekwe yai, tango au samaki, na muwaulize kama vitamutamu vya juu vina jelatini.

Halafu kuna saa. Mwezi wa Julai jua Suffolk linazama yapata saa tatu usiku, na majiko mengi ya vijijini huacha kupokea oda wakati huo huo au kabla. Mkisubiri mswali Magharibi ndipo mkale, mtalala njaa. Kuleni saa moja au saa mbili, mrudi chumbani mswali kwa wakati. Isha itachelewa sana na Alfajiri itawahi mno, kwa hiyo pangeni usingizi wa mchana. Kibla kutoka pale ni kusini mashariki. Misikiti iko katika miji kama Colchester na Ipswich, kijijini hakuna.

Bei. Hoteli za hadhi hii kwa kawaida hutoza kati ya pauni 150 na 300 kwa chumba kwa usiku, kifungua kinywa wakati mwingine kikiwa ndani. Kodi tayari imo katika bei inayotangazwa. Ile asilimia ya huduma inayoongezwa kwenye bili ya chakula mara nyingi ni hiari, mnaweza kuomba iondolewe. Mtaona bei mbili kwa chumba kimoja: ya chini isiyorudishwa, na ya juu kidogo inayoruhusu kughairi. Kwenu chukueni ya kughairi, hata ikizidi pauni ishirini. Viza ya wageni ya Uingereza huombwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu, na serikali yao yenyewe inashauri usifunge mipango ya safari kabla ya jibu. Nimeona familia zikipoteza fedha za hoteli kwa ajili ya kuokoa hicho kidogo.

Chukueni usiku mbili, kama mlivyopanga. Hoteli hupokea wageni saa tisa alasiri na kuwataka watoke saa tano asubuhi. Usiku mmoja maana yake ni saa ishirini, na nusu yake mmelala. Mabasi ya watalii na magari ya matembezi huja Lavenham mchana na kuondoka jioni. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mitaa inabaki ya wenyeji na ya waliolala hotelini. Huo ndio wakati wa kuteremka Water Street taratibu, barabara ambayo chini yake bado kuna mifereji ya matofali ya maji waliyotumia watia rangi. Tazameni rangi za kuta, njano ya udongo, waridi, nyeupe ya chokaa. Mbao nyingi hapa zina rangi ya fedha ya mwaloni uliozeeka au zimepakwa chokaa. Ule weusi mnaouona kwenye nyumba za mbao za sehemu nyingine aghalabu ni mtindo uliokuja baadaye sana. Toka hotelini hadi Guildhall ni mwendo mfupi, lakini barabara inapanda kuelekea sokoni, kwa hiyo mzee abebe fimbo yake na msiharakishe.

Kufika: kutoka Colchester treni inakwenda Marks Tey, pale mnabadili kwa treni ndogo ya Sudbury, kama dakika ishirini tu. Treni haifiki Lavenham tena. Njia yake ilifungwa kwa abiria mwaka 1961, na sehemu yake sasa ni njia ya kutembea kwa miguu. Toka Sudbury kuna basi, lakini jioni na Jumapili msilitegemee, na mkiwa na masanduku teksi ni bora. Teksi za pale ni chache na hazizunguki zikitafuta abiria. Binti aiweke oda siku moja kabla, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na amwambie dereva asimame upande wa mlango wenye vidaraja vichache, ambao mapokezi watamtajia katika ile simu.